Siku Protini za Mama Zilipotundikwa Ubaoni

Juzi nilikuwa saluni pale Mapinga, nimekaa nikisubiri zamu yangu, binti mwenye saluni akaibana pasi kwenye nywele za mteja aliyenitangulia, kisha akageuka kusoma ujumbe kwenye simu. Moshi mwembamba ukapanda. Chumba kizima kikajaa ile harufu ya nywele zinazoungua, harufu ambayo ukishaikuta mara moja huisahau tena. Mteja akashika kichwa, binti akaanza kuomba radhi, na mimi nikajikuta nacheka peke yangu hadi wakanigeukia wote wawili.

Sikuwa nawacheka wao. Pua yangu ilikuwa imenirudisha darasa la tano, kwenye chumba chenye madirisha yasiyo na vioo nje kidogo ya mji wa Bagamoyo, ambako Mwalimu Ambakisye alikuwa ameshika kibiriti na anatuunguzia vitu mbele ya pua zetu.

Mwalimu Ambakisye alikuwa mtu wa Tukuyu. Alikuja pwani kwa mara ya kwanza maishani mwake akiwa amevaa sweta la kijani, na wiki nzima ya mwanzo hakulivua, kana kwamba baridi ilikuwa imechelewa njiani na ingefika wakati wowote. Jina lake liliwashinda watu wazima wa kwetu. Bibi yangu alimwita Mwalimu Bakishe, na alipoambiwa si hivyo alijibu kwamba yeye ameshazoea. Lakini sisi watoto tulimpenda, kwa sababu aliamini kuwa sayansi haisomwi kwa macho peke yake. Siku hiyo alikuwa na unyoya wa kuku, unywele aliouchomoa kichwani mwake mwenyewe, na kipande cha ukucha alichokikata kwa wembe tukimwangalia. Aliviunguza kimoja baada ya kingine, akavipitisha kwenye madawati.

"Unyoya, unywele, ukucha," akasema. "Vitu vitatu, harufu moja. Kwa nini?"

Saidi, aliyekaa dawati la mbele, akanyoosha mkono. "Kwa sababu vyote vimeungua, Mwalimu."

"Umejibu vizuri. Kaa chini," akasema Mwalimu, kisha akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: PROTINI.

Ili mwelewe yaliyofuata, lazima niwaeleze habari za nyumbani kwetu. Tuliishi watatu: mimi, mama, na bibi mzaa mama. Baba alikuwa fundi wa betri za magari. Suruali zake zote zilikuwa na matundu madogo madogo yaliyotobolewa na asidi, na mimi nilikatazwa kuzigusa kabla hazijafuliwa. Alihamishia kazi yake Msata, kwa sababu malori na mabasi yanapita pale mchana na usiku. Mwanzo alirudi kila Ijumaa. Baadaye akawa anaruka Ijumaa moja moja, na mwishowe zikaja habari kwamba ameoa huko.

Mama hakulia wala hakugombana na mtu. Nilimkuta mchana mmoja amekaa kitandani, anafungua mafundo ya nyuzi za shanga na kuzikunja taratibu ndani ya kopo la maziwa ya unga. Akalifunika kopo, akaliweka juu ya kabati.

Shanga zile nilikuwa sijawahi kuziona. Nilizijua kwa sauti tu. Mama alipokuwa anakatiza uani na ndoo ya maji kichwani, kiunoni, chini ya kanga yake, palikuwa na mlio mdogo, kama mchele unaopepetwa kwenye ungo nyumba ya tatu. Niliwahi kumuuliza bibi ule ni mlio wa nini. Bibi, ambaye hakupenda kumdanganya mtoto wala kumweleza, akanijibu, "Ni mwili wa mwanamke unaongea. Ukikua utaelewa."

Basi baada ya kopo kupanda juu ya kabati, mwili wa mama ukanyamaza, na ukaanza kupungua. Mama alikunywa chai na kipande cha muhogo, akasema ameshiba. Kunde akatuachia sisi. Kuhusu samaki, alisema anamnukia vibaya. Mifupa ya mabega ikaanza kuonekana, na akawa analala mchana, jambo ambalo hakulifanya hata alipokuwa na homa. Bibi alimbembeleza, akamsema, akambembeleza tena. Mama aliitikia, "Ndiyo, mama, nitakula," na sahani ikarudi jikoni ilivyokwenda.

Sasa turudi darasani. Mwalimu Ambakisye alitueleza kwamba protini ni mnyororo mrefu mno, mwembamba kuliko jicho linavyoweza kuona, na kila punje ya mnyororo huo inaitwa asidi amino.

Niliposikia asidi nilishtuka. Nikasimama bila kuruhusiwa. "Mwalimu, asidi si inatoboa suruali?"

"Hiyo ni ya betri, Mwanahawa. Hii ni nyingine, ya upole. Haimtoboi mtu."

Nikakaa, ila sikuridhika sana. Kwa maoni yangu asidi ilikuwa asidi, na mwenye asidi alikuwa baba.

Mwalimu akaendelea. Alisema aina za asidi amino zinazojenga miili yetu ni kama ishirini tu, lakini kama vile herufi chache zinavyotoa maneno yasiyoisha, punje hizo zikipangwa kwa namna tofauti zinatoa protini tofauti zisizo na idadi. Ukibadilisha mpangilio, umebadilisha protini. Tena mnyororo haukai umenyooka, unajikunja, unajisokota, na umbo linalopatikana ndilo linaloamua kazi. Mmoja unakuwa nywele. Mwingine unakuwa nyama ya mkono. Mwingine unabeba hewa ndani ya damu, na mwingine ni kama mkasi, umekaa tumboni kazi yake kukata chakula. Ukila maharage, alisema, tumbo linaufungua mnyororo wa maharage, linatoa punje moja moja, na mwili unazichukua na kuzitunga upya uwe mnyororo wako wewe.

"Kwa hiyo nikila kuku sioti manyoya?" akauliza Saidi.

"Huoti. Unachukua shanga za kuku, unatunga za Saidi."

Alisema shanga. Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu mawili. Kisha akasema baadhi ya asidi amino mwili unajitengenezea wenyewe, lakini nyingine lazima ziingie kwa mdomo, na zisipoingia ujenzi unasimama. Mtu anakonda, kidonda hakifungi, na mwili unaanza kubomoa kuta zake wenyewe ili upate matofali.

Darasa zima likawa linaandika. Mimi nilikuwa nimeacha kuandika. Mambo yote ya nyumbani kwetu yalikuwa yamejipanga kichwani mwangu, kila kitu mahali pake. Mama alikuwa na protini, nilizisikia mwenyewe zikiongea. Baba akaondoka na asidi kwenda Msata. Mama akazivua protini, akazitia kwenye kopo la maziwa. Ndiyo maana anabomoka. Nilishangaa watu wazima wanawezaje kukosa kuliona jambo lililo wazi kiasi kile.

Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia, na Mwalimu alitaka darasa letu lionyeshe protini mbele ya watu. Alijaribu kutunga punje za kunde, choroko na mahindi kwa sindano. Kunde zilipasuka, mahindi yakamshinda, na choroko ikamsababisha ajichome kidole gumba. Akasimama akikinyonya, akatuuliza, "Nani ana shanga nyumbani?"

Wasichana wawili wa dawati la nyuma, wakubwa kuliko sisi, wakatazamana na kuinamisha vichwa. Mimi nikanyoosha mkono juu kabisa.

Bibi hakuwepo nyumbani. Alikuwa msibani Vigwaza, na ninaamini angekuwepo nisingekuwa na hadithi ya kuwasimulia. Nilimkuta mama amelala, uso ameuelekeza ukutani.

"Mama, niazime shanga za kwenye kopo? Mwalimu anazihitaji."

"Chukua unachotaka, mwanangu," akasema bila kugeuka. "Niache nipumzike."

Nadhani hakusikia hata neno moja. Nikapanda kwenye kiti, nikalishusha kopo.

Mwalimu alipolifungua, uso ulimjaa furaha. Zilikuwa nyuzi nyingi: nyeupe, nyekundu, za bluu, nyeusi, na nyingine za rangi ya asali ambazo ukiziinua juani zinapitisha mwanga. Zilikuwa na harufu ya udi iliyochakaa.

"Za nani hizi?"

"Za mama, Mwalimu."

"Mama yako anatengeneza mapambo?"

"Hapana, Mwalimu. Alikuwa anazitumia, ila ameacha. Tangu ameacha amekonda."

Mwalimu alinitazama kwa muda, akijaribu kunielewa, kisha akasema, "Mwambie ale kunde," akaingia kazini.

Alifanya kazi nzuri, sitamnyima sifa. Alizipitishia nyuzi zile waya mwembamba, sehemu akazisokota kama springi, sehemu akazilaza ubavu kwa ubavu kama makuti yaliyopangwa, akaukunja mnyororo wote ukawa kama tunda kubwa la rangi rangi. Akautundika kwenye msumari juu ya ubao, na chini yake akabandika karatasi: PROTINI. Wale wasichana wa dawati la nyuma walikuwa wanakufa kwa kicheko nyuma ya madaftari yao. Lakini hakuna aliyesema kitu. Ungeanzia wapi kumweleza mwanamume wa makamo, mwenye sweta, kwamba ametundika ubaoni vazi ambalo mwanamke wa pwani haonyeshi hata jirani yake?

Siku ya wazazi ilifika. Wanaume walikaa kwenye madawati upande mmoja, wanawake wakakaa kwenye mikeka upande wa pili. Baba alikuja kutoka Msata, amevaa kanzu na kofia, kwa sababu Mwalimu alikuwa amemtumia ujumbe kwamba binti yake ndiye atakayeeleza. Mama hakukusudia kuja, lakini bibi alikuwa amerudi kutoka Vigwaza asubuhi ile na kumtoa kitandani. "Mtoto anasimama mbele za watu, na wewe umelala. Vaa, twende." Wakaingia wakati watu wameshajaa, wakakaa karibu na mlango.

Macho ya bibi hayakuwa mazuri. Alikunja uso, akatazama ubaoni, akamuuliza mama kwa sauti aliyodhani ni ndogo, "Ile nini pale juu? Mkufu?"

Mama akainua macho. Akautazama ubao. Kisha akauvuta mtandio polepole, ukapita kidevu, ukapita mdomo, likabaki jicho moja tu nje.

Mwalimu Zainabu, aliyekuwa anafundisha darasa la kwanza na ni mzaliwa wa Bagamoyo, aliingia na sinia la vikombe vya chai. Akatazama juu. Akaliweka sinia kwenye dawati la kwanza alilolikuta, akageuka, akatoka nje, na hakuonekana tena mpaka chai ilipopoa.

Mnong'ono ulianza kwenye mikeka. Ulikuwa unapita kutoka kanga moja kwenda nyingine. Upande wa wanaume walikuwa wanatazama vitu tofauti tofauti: mwingine dari, mwingine kidole cha mguu wake. Baba alikuwa ameutazama ule mnyororo kwanza kama mtu anayejaribu kukumbuka jina, halafu nikaona amekumbuka. Uso wake ulibadilika rangi mara mbili.

Mimi nilijua tu kwamba watu wamevutiwa. Nikashika kijiti, nikaanza.

"Hizi ni protini. Protini zinajenga mwili. Kila shanga ni asidi amino. Mwili ukikosa asidi amino unakonda na kuanza kujibomoa." Mpaka hapo nilikuwa nasema niliyofundishwa. Lakini Mwalimu alikuwa ametuambia tutoe na mifano kutoka katika maisha yetu. "Kwa mfano mama yangu. Zamani alikuwa anazo protini hizi, zikawa zinalia akitembea. Sasa hana, kwa sababu asidi yote iko Msata."

Ukimya ulioingia pale ulikuwa wa aina yake. Vichwa vya wanawake vyote viligeuka upande wa wanaume, vikamtafuta baba, vikamkuta. Baba akaanza kutengeneza kofia ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Mwalimu Ambakisye hakuelewa ukimya ule. Alidhani ni heshima. Akasogea mbele, tabasamu limemfika masikioni, akasema, "Ahsante, Mwanahawa. Ndugu wazazi, kabla hatujaendelea, ningependa mama aliyetuazima kifaa hiki kizuri asimame, tumpongeze."

Hakuna aliyesimama. Bibi akafumba macho, nikaona midomo yake inasoma kitu.

"Asione haya," akasema Mwalimu. "Ni kifaa ambacho kila mmoja hapa amefaidika nacho."

Mwanamke mmoja akaanza kukohoa na hakuweza kuacha. Baba aliinuka nusu, nadhani alitaka kukimbilia nje au kumkaba Mwalimu, hakuwa ameamua. Na hapo ndipo mama aliposimama. Aliushusha mtandio mpaka mabegani. Alikuwa mwembamba sana, nguo ilikuwa imemzidi. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejibu bei ya nazi sokoni:

"Ni zangu, Mwalimu."

"Ahsante sana, mama. Tumpigie makofi."

Yalianza makofi machache ya wasiwasi. Kisha bibi, macho akiwa bado ameyafumba, akapiga kigelegele. Kikafuatwa na kingine, na upande wote wa mikeka ukapasuka.

Mwalimu alisubiri watulie. "Mama, shule ingependa kuzihifadhi. Utatuachia?"

"Hapana, Mwalimu," akasema mama. "Bado nazihitaji."

Sijawahi tena kusikia wanawake wakicheka namna ile. Waliegemeana, walijifuta machozi kwa ncha za kanga, mmoja alitoka nje kabisa ili apumue. Mama naye akacheka. Alianza kwa kujizuia, mkono mdomoni, halafu ukamshinda, akainama, akakaa chini kwenye mkeka akicheka na kulia pamoja, na bibi akawa anampigapiga mgongoni kama anambeulisha mtoto. Baba alikuwa ameshakaa, anatazama magoti yake.

Tulipofika nyumbani mama aliniita. Kopo lilikuwa mapajani mwake.

"Hawa, nani alikutuma uzipeleke hizi shule?"

"Nilikuomba ukaniambia nichukue." Nikamweleza yote, habari ya mnyororo, na mlio, na matofali, na Msata. "Nilidhani Mwalimu atazitengeneza. Uzivae tena, upone."

Mama alinitazama, akamtazama bibi. Bibi akageuza uso, akajifanya anatafuta viatu. Mama hakunigombeza. Aliinuka akaenda jikoni, na akarudi na sahani ya wali na kunde iliyobaki asubuhi, imepoa, haina hata kachumbari, akaila yote akiwa amesimama mlangoni.

Jumamosi yake Mwalimu Ambakisye alikuja kwetu, bila sweta kwa mara ya kwanza, amebeba trei ya mayai. Mwalimu Zainabu alikuwa amemweleza. Alisimama nje ya mlango kama mtu aliyekuja kutoa habari ya msiba.

"Hodi. Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, Mwalimu Bakishe."

"Bibi, nimekuja kuomba radhi. Sikujua. Wallahi sikujua." Alikuwa Mkristo, lakini siku hiyo aliona kiapo chetu ndicho kitakachoeleweka. "Kwetu Tukuyu mambo haya hayapo."

"Kwani wanawake wa kwenu Tukuyu wanavaa nini?"

Mwalimu akafikiri. "Sweta, bibi."

Bibi alimtazama kwa huruma ya kweli. Akamkaribisha mkekani, akampa chai. Mama alipotokeza kumsalimia, Mwalimu hakujua aangalie wapi, akakimbilia kwenye somo lake. Alimwambia mama kwamba wali na kunde vikiliwa pamoja ni chakula kamili, kwa kuwa asidi amino ambayo mmoja hana ya kutosha, mwenzake anampa.

"Kumbe," akasema mama. "Basi hao wanaishi vizuri."

Baba alirudi, nisije nikawaacha mkifikiri vingine, lakini hakurudi siku hiyo wala mwezi huo. Kwanza alipelekwa kwa mjomba, kaka yake mama, akakalishwa barazani kama kijana anayeposa, na akakubaliana naye mambo ambayo sikuruhusiwa kuyasikia. Mwishowe kazi yake ya betri aliirudisha Bagamoyo, Msata akawa anakwenda siku zake na kurudi siku zake, na mama akawa ndiye anayesema siku hizo ni zipi. Kwa watu wazima waliotuzunguka lilikuwa suluhisho la kawaida. Kwangu lilikuwa sayansi.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni Ijumaa ya kwanza baada ya Mwalimu kuja na mayai. Bibi alikuwa amechemsha mayai ya Mwalimu kidogo kidogo wiki nzima, na mama ndiye aliyekuwa anakula mengi. Baba alikuja baada ya swala, akakaa kwenye kigoda uani, akakohoa.

"Nimekuja tuzungumze," akasema. "Nimepata vyumba viwili Msata. Ujiandae, twende wote."

"Mimi siendi Msata," akasema mama. Alikuwa anamenya yai, taratibu, ganda linaanguka kwenye kanga aliyoitandaza mapajani. "Mwenye haja na mimi anajua ninapokaa."

Jogoo wa jirani akapita kati yao, akatazama huku na huku, akaondoka. Baba aliliangalia lile yai, jeupe, linatoa mvuke, kisha akaangalia trei iliyokuwa karibu na jiko. Ilikuwa tupu.

"Ndilo la mwisho hilo?"

"La mwisho."

Mama akalikata katikati kwa uzi, akanyunyiza chumvi na pilipili manga. Nusu akanipa mimi. Nusu nyingine akaitia mdomoni mwake, akaitafuna kwa utulivu mpaka ikaisha, baba akiwa anamwangalia, na alipomaliza akaniambia nimletee baba yangu maji ya kunywa.